Vijiko Viwili vya Chai

Jiwe limefika kwa chukudu kutoka Majengo,
limefungwa kitenge kana kwamba lina baridi.
Bauma analifungua polepole juu ya meza yangu.
Nyumba ya kwanza ya mama yake ililiwa na jiwe hili
lilipokuwa bado linatiririka.
Ya pili imejengwa nalo.
"Mama anauliza kwa nini tangi letu halishiki maji.
Tunajaza jioni, asubuhi tunakuta unyevu tu."

Umeme umekatika tangu saa nne.
Kazi hii haiuhitaji:
mizani, ndoo, uzi wa kuvulia sambaza.
Kavu: gramu mia sita na kumi na mbili.
Kisha nikalizamisha, nalo likaanza kutoa hewa,
tundu baada ya tundu,
kama mtu anayenong'ona orodha ndefu ya majina.
Siku tatu lilikunywa.
Maji yenyewe yalipanda kutoka Kituku
mgongoni mwa binti mwenye bidoni ya manjano,
maana mji wa Goma umekalia sifongo:
mvua hunyesha hadi mabati yanatuziba masikio,
tukitoka nje hakuna hata kidimbwi cha bata.
Imeshuka. Inatembea chini yetu, gizani,
kuelekea ziwani,
nasi tunaifuata huko na bidoni.

Limeshiba: mia saba.
Likining'inia majini kwa uzi: mia tatu na tisini.
Toa, gawanya.
Asilimia ishirini na nane ya jiwe la Kyakimwa
ni mlango ulioachwa wazi.

Bauma haamini tarakimu. Haya, aone.
Kipande kingine cha ukuta uleule nilikinywesha gundi ya samawati,
nikakikata, nikakisugua hadi kikawa chembamba
kuliko karatasi ya sigara.
Hadubini yangu ni ya zamani, ina kioo chini;
jua la dirishani latosha.
Anafumba jicho moja, halafu anabadilisha.
Kimya.
"Ni ziwa," anasema.
Ni njia, namwambia. Penye samawati maji yanapita.
Chumba, ujia, chumba, ujia,
na usidanganywe na ukubwa wa vyumba:
shingo ndizo zinazoamua,
hizi hapa, nyembamba kama unywele wa mtoto.

"Na haya meupe?"

Nilijua atauliza.
Hayo hayana mlango.
Gundi ilizunguka nje ikachoka.
Kipande cha tatu nilikitwanga kwenye kinu cha chuma,
kikawa unga, unga ukawa vumbi,
nikapata uzito wa jiwe tupu lisilo na pumzi,
na hesabu ikaniambia kilichobaki:
ndani ya jiwe lililo mikononi mwako
mna sentimita kumi na moja za ujazo
ambazo maji hayajawahi kuzifikia.
Vijiko viwili vya chai, na tone.

"Mna nini humo?"
Hewa.
"Ya lini?"
Ya usiku ule lilipoganda.

Anaweka jiwe sikioni. Mtu mzima, fundi wa kuta,
ana saruji kwenye kope.
"Lilipoingia jikoni," anasema,
"mama alikuwa ameacha maharagwe motoni."

Namweleza: ni gesi ya mlima, ilikuja ndani ya moto wenyewe,
mvuke, kiberiti, na ile nzito ya mazuku
inayolala mabondeni na kuua mbuzi wamesimama.
Si ya jikoni kwenu.
"Umeinusa?"

Namwandikia: sakafu ya tangi ipigwe plasta mara mbili,
ya kwanza ikauke siku nne, pembe zote ziviringwe.
Natia sahihi. Anakunja karatasi,
anafunga jiwe katika kitenge, mafundo mawili,
na tayari ameshafika mlangoni.

Kile nilichokitwanga nilikitwanga Jumanne.
Kila tundu lilipasuka mbele ya uso wangu, moja moja,
nami nilikuwa na mafua.